Moshi wa Sigara, Jeni na Kasoro za Kuzaliwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mtoto wetu ana sindromu ya Down. Je, ni sigara za babake zilizomletea?

Hapana. Sindromu ya Down hutokea mtoto anapokuwa na kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli) tatu za namba 21 badala ya mbili. Kwa watoto takriban 95 kati ya 100 wenye hali hii, hitilafu ilitokea yai au mbegu ya kiume ilipokuwa ikijigawa, na mara nyingi huwa ni yai. Linalojulikana wazi kuongeza uwezekano huo ni umri wa mama: mama wa miaka 20 ana uwezekano wa karibu 1 kati ya 1,500, wa miaka 35 karibu 1 kati ya 350, na wa miaka 40 karibu 1 kati ya 100. Tafiti zilizotafuta uhusiano wa sigara na kromosomu hiyo ya ziada hazijakubaliana. Si chira, si laana, na mama hakukanyaga mahali popote pasipofaa.

Lakini kuna jambo la kutazama kwa makini. Karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na moyo wenye kasoro, na nusu nyingine moyo wao ni mzima, ilhali wote wana kromosomu ile ile ya ziada. Kwa hiyo kromosomu peke yake haitoshi kueleza kila kitu, na hapo ndipo moshi unapoingia kwenye mazungumzo.

Kama jeni zimeshaamua, moshi una kazi gani tena?

Jeni huweka mlango wazi kidogo, moshi huusukuma. Mfano ulio wazi kabisa ni wa miguu iliyopinda kwa ndani tangu kuzaliwa. Watafiti wa Atlanta, Marekani, walichapisha mwaka 2000 hesabu hii: ikilinganishwa na familia isiyo na historia ya tatizo hilo na mama asiyevuta, mama kuvuta peke yake kulipandisha uwezekano mara 1.34. Historia ya familia peke yake iliupandisha mara 6.52. Yote mawili yakikutana, mara 20.30. Ukizidisha 1.34 kwa 6.52 unapata chini ya 9. Kilichopatikana ni zaidi ya mara mbili ya hapo, maana yake jeni na moshi vilikuwa vikisaidiana.

Kuhusu sindromu ya Down, utafiti wa California uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta kwamba kati ya watoto wenye hali hiyo, wale ambao mama zao walivuta karibu na wakati wa kushika mimba walikuwa na uwezekano wa takriban mara mbili wa kuwa na kasoro ya moyo. Mojawapo ni ile ambayo kuta za kati za moyo hazikukutana, ukabaki na tundu kubwa katikati. Hiyo ndiyo kasoro inayowaandama zaidi watoto hawa. Utafiti mmoja hautoshi kumhukumu mzazi yeyote. Unatosha, hata hivyo, kumwambia anayepanga mimba aache sasa.

Moshi unafanyaje kazi hiyo tumboni?

Kwa njia tatu hivi. Ya kwanza ni kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu iliyo ndani ya moshi wowote. Hushikamana na himoglobini, kibeba oksijeni cha damu, zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikamana nayo, hivyo damu ya mama inazunguka ikiwa imebeba mzigo usiofaa. Kwa mtoto hewa hiyo hujikusanya zaidi na hutoka polepole kuliko kwa mama. Ya pili ni nikotini, ambayo hubana mishipa ya damu inayolisha kondo la nyuma na pia huvuka kondo hadi kwa mtoto. Ya tatu ni kemikali zinazoharibu chembe za urithi. Mwili una vimeng'enya vya kuziondoa sumu hizo, lakini si kila mtu amerithi seti kamili. Kuna watu wengi tu ambao jeni iitwayo GSTT1 haipo kabisa, na tafiti za midomo iliyopasuka zimeitaja kama sababu mojawapo inayofanya moshi uleule umdhuru mtoto mmoja na kumwacha mwingine. Ndiyo maana jibu la "mbona fulani alivuta na watoto wake ni wazima" halina uzito.

Ni kasoro zipi zimethibitishwa kusababishwa na sigara?

Mdomo sungura na kaakaa lililopasuka. Ripoti ya Daktari Mkuu wa Marekani ya mwaka 2014 ilisema ushahidi unatosha kuita sigara za mama mwanzoni mwa mimba chanzo. Kwa miguu iliyopinda, tundu la ukuta wa juu wa moyo, na utumbo kutokeza nje kupitia tundu pembeni mwa kitovu, ripoti hiyo ilisema ushahidi unaelekea huko ila haujakamilika. Mbali na kasoro za maumbile, mtoto wa mama anayevuta huzaliwa mwepesi kwa takriban gramu 200 kwa wastani, na uwezekano wa kuzaliwa kabla ya wakati, kuzaliwa mfu au kufa ghafla usingizini huwa juu.

Kwa mtoto anayezaliwa akisubiri upasuaji wa moyo, gramu 200 si kitu kidogo.

Nilijua nina mimba mwezi wa tatu, nikaacha siku hiyo hiyo. Nimechelewa?

Kwa baadhi ya viungo, ndiyo. Kwa mengine, hapana. Moyo huanza kupiga siku ya 22 hivi baada ya mimba kutungwa, na vyumba vyake vinakuwa vimegawanywa kufikia mwisho wa wiki ya 8. Uti wa mgongo hujifunga siku ya 28. Mdomo wa juu huungana kufikia wiki ya 7, kaakaa baadaye kidogo. Angalia hesabu: kliniki huhesabu wiki kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo ongeza wiki 2 juu ya tarakimu hizi ukisoma kitabu chako cha kliniki. Mama akikosa hedhi ya kwanza akaenda kununua kipimo, moyo umeshaanza kujengwa.

Hata hivyo uzito, mapafu, ubongo na kondo vinaendelea kukua hadi mwisho. Kaboni monoksidi hupungua sana kwenye damu ndani ya siku moja baada ya sigara ya mwisho. Kuacha mwezi wa tatu, wa tano, hata wa saba, kuna faida. Kinachosikitisha ni kwamba kina mama wengi huja kliniki mara ya kwanza mwezi wa tano, wakati Shirika la Afya Duniani linataka ziara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12.

Mimi sivuti. Ni mume wangu anayevuta. Hilo nalo linahesabika?

Huku kwetu Kenya, hili ndilo swali lenyewe. Kuanzia Nakuru hadi Busia wanawake wanaovuta sigara ni wachache mno. Wanaovuta ni wanaume. Kwa hiyo moshi unaomfikia mtoto aliye tumboni mara nyingi ni wa mtu mwingine: wa baba, wa shemeji, wa jirani wa upande wa pili wa bati kule Kaptembwo au Nyalenda, wa wateja pale mama anapouza busaa au kukaanga samaki.

Uchambuzi wa watafiti wa China uliochapishwa mwaka 2019 ulikusanya tafiti 125 zenye watoto 137,575 waliokuwa na kasoro za moyo. Baba kuvuta kulihusishwa na ongezeko la asilimia 74, mama kuvuta asilimia 25, na mama kuvuta moshi wa wengine asilimia 124. Tarakimu hizo zisichukuliwe kama mizani ya duka la dawa. Hazimaanishi kwamba ni salama zaidi mama avute mwenyewe, kwa kuwa tafiti zilizochanganywa zilitofautiana sana, na wanawake wengi hawakiri kwamba wanavuta. Lakini zinafuta kabisa ile hoja ya "sigara ni yangu, mimba ni yako".

Sigara za baba zinaingiaje kwenye mbegu?

Mbegu ya kiume huchukua takriban siku 74 kutengenezwa, kisha siku kadhaa za kukomaa na kusafiri. Moshi unaovutwa kipindi hicho huacha sumu zinazokwaruza chembe za urithi ndani ya mbegu, na mbegu haina uwezo mkubwa wa kujirekebisha. Hapo ndipo unapotoka ushauri wa miezi 3: baba aache angalau miezi 3 kabla ya kujaribu kupata mtoto, ili mbegu zitakazotumika ziwe zimetengenezwa mwilini mwake bila moshi. Akiacha wiki mbili kabla, bado anatumia akiba ya zamani.

Nikivuta nje ya nyumba, inatosha?

Inasaidia, haitoshi. Mlangoni si nje. Moshi hurudi ndani, hasa kwenye chumba kimoja chenye dirisha dogo. Kufungua dirisha au kuwasha feni kunausambaza tu. Kama hujaacha bado, ondoka mbali na nyumba, kwenye upepo, acha jaketi ya bodaboda nje, nawa mikono na uso, subiri dakika kadhaa kabla ya kumbeba mtoto au kulala kitanda kimoja na mama mjamzito. Mabaki ya sumu hung'ang'ania nguo, blanketi na mapazia.

Mbili au tatu tu kwa siku zina shida?

Zina. Hakuna kiwango kilichothibitishwa kuwa salama kwenye mimba. Tatizo jingine ni hesabu yenyewe. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuuza pakiti yenye sigara chini ya 10, lakini kioskini sigara huuzwa moja moja, na anayenunua hivyo hukumbuka chache kuliko alizovuta. Ukiulizwa na daktari, hesabu kwa safari za kioskini: ya asubuhi kabla ya chai, ya stejini, ya baada ya chakula cha mchana, za jioni. Wengi waliosema "tatu" huishia kwenye saba.

Ugoro, vifuko vya nikotini na shisha je?

Ugoro hauna moshi, ila una nikotini ya kutosha kuvuka kondo. Vivyo hivyo vile vifuko vyeupe vya kuweka chini ya mdomo ambavyo vijana wa mjini wamevipenda. Shisha ni mbaya zaidi kwa sababu ya makaa: kikao kimoja huingiza kaboni monoksidi nyingi kuliko sigara moja, na maji hayachuji hewa hiyo. Bibi aliyezoea kunusa ugoro jikoni huku amempakata mjukuu mwenye tatizo la kifua anaweza kuombwa, kwa heshima zote, anusie uani.

Tunalima tumbaku. Mke wangu mjamzito anaweza kuvuna?

Asivune. Swali hili linatoka Kuria, Teso na Malakisi, na linastahili jibu refu kuliko linavyopewa kwa kawaida.

Nikotini huyeyuka kwenye umande na maji ya mvua yaliyo juu ya majani mabichi, kisha hupenya ngozi. Anayevuna alfajiri, majani yakiwa yamelowa na kanga imeshikana na mwili, anaweza kupata kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu, kichwa kuuma na jasho baridi ndani ya saa chache. Mama mjamzito na wanaomzunguka huchukulia ni mimba inamsumbua, anapumzika, kesho anarudi shambani. Tofauti ya kuangalia ni siku: kama kutapika kunakuja siku za kuvuna na kupungua siku mbili tatu za kukaa nyumbani, shuku tumbaku.

Kazi za kumwepusha nazo ni kuvuna, kukata vikonyo, kufunga majani mabichi kwenye vijiti, na kulinda moto wa banda la kukaushia usiku, ambako kuna moshi wa kuni juu ya yote. Kazi hizo zikibaki kwa wengine, wavae glovu zisizopitisha maji na mikono mirefu, wasubiri majani yakauke umande, wabadilishe nguo zikilowa, na waoge kwa sabuni kabla ya kugusa watoto. Nguo za shambani zisifuliwe pamoja na za mtoto. Migori kuna wakulima waliohamia kwenye maharagwe yenye madini ya chuma kwa wingi, na kwa familia yenye mimba au mtoto mgonjwa hilo ni badiliko lenye maana ya kiafya, si la soko tu.

Moshi wa kuni jikoni ni sawa na wa sigara?

Hauna nikotini, ila una kaboni monoksidi na chembechembe nyingi. Mama anayepikia kuni katika jiko lililofungwa, au anayekausha samaki kwa moshi ufuoni, anavuta vya kutosha. Kuni zilizokauka vizuri, jiko lenye dohani, au kupikia nje mvua isiponyesha hupunguza. Jiko la makaa lisiingizwe ndani usiku kupasha joto chumba, Nakuru kukiwa na baridi au la. Hilo huua hata watu wazima.

Mtoto wetu ana selimundu. Moshi unamhusu vipi?

Selimundu ni ya kurithi. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji wa jeni yake, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto mgonjwa, na sigara haibadilishi hesabu hiyo. Inachobadilisha ni maisha yake baada ya kuzaliwa. Seli nyekundu hujipinda oksijeni ikipungua, na moshi wa wengine umehusishwa na maumivu makali ya mara kwa mara na matatizo ya kifua yanayompeleka mtoto hospitali. Eneo la ziwa lina wabebaji wengi, kwa hiyo pima mapema. Usidanganywe na mtoto mchangamfu wa miezi 3: himoglobini ya utotoni bado inamkinga, na dalili mara nyingi hujitokeza karibu na miezi 6.

Mtoto amezaliwa na tunashuku hali ya kijenetiki. Tuombe nini?

Kabla ya kutoka wodini, oksijeni ipimwe kwa kifaa cha mwangaza kwenye mkono wa kulia na mguu mmoja, baada ya saa 24 tangu kuzaliwa. Asilimia 95 na zaidi inaridhisha. Chini ya 90 ni dharura. Kipimo hiki hakioni kila kasoro. Kwa hiyo mtoto mwenye dalili za sindromu ya Down anahitaji picha ya moyo ya eko ndani ya mwezi wa kwanza hata kama daktari hasikii mlio wowote kifuani. Hapa ndipo familia nyingi hupotea: wanaambiwa mtoto anaonekana sawa, wanarudi ana miezi 8, na presha ya mapafu imeshapanda. Tundu kubwa la katikati ya moyo kwa kawaida hurekebishwa kati ya miezi 3 na 6.

Nyumbani angalia mtoto akinyonya: akitoka jasho kichwani, akipumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, akiachia titi kila mara kupumzika, ulimi ukiwa wa samawati, au uzito ukikwama kwenye kadi, mpeleke hospitali bila kungoja tarehe. Eko ulizia hospitali kubwa za rufaa, kama Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ile ya kaunti ya Nakuru, au ya Moi mjini Eldoret. Upasuaji wa moyo hufanyika Tenwek, Bomet, na katika hospitali kadhaa za Nairobi. Msajili mtoto SHA, bima ya afya ya serikali, kama mtegemezi mapema, kabla barua ya rufaa haijaandikwa.

Kipimo cha kromosomu ni cha damu, na majibu huchukua wiki kadhaa. Umuhimu wake ni huu: watoto 3 au 4 kati ya 100 wenye sindromu ya Down wana aina ambayo kipande cha kromosomu kimejishikiza kwingine, na aina hiyo inaweza kutoka kwa mzazi. Ikionekana, wazazi nao wapimwe kabla ya mimba nyingine.

Mdomo sungura unarekebishwa lini?

Mdomo mara nyingi akiwa na miezi 3 hivi na uzito wa kilo 4.5 au zaidi, kaakaa kati ya miezi 9 na 18. Shirika la Smile Train hugharimia upasuaji huu katika hospitali shirikishi nchini. Kabla ya hapo mlishe akiwa ameketi wima, kwa kikombe kidogo au kijiko, maziwa yaliyokamuliwa. Ukiona vishimo viwili vidogo kwenye mdomo wa chini wa mtoto au wa mzazi, mwambie daktari, kwa sababu vinaashiria aina ya kurithi ambapo kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu. Na mahali anapoponea kidonda pasiwe na moshi. Mishipa iliyobanwa na nikotini huchelewesha kupona.

Tunataka mtoto mwingine. Foliki asidi kiasi gani?

Mikrogramu 400 kila siku, kuanzia kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Kidonge cha pamoja cha kliniki kina miligramu 60 za madini ya chuma na mikrogramu 400 za foliki. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi huandikiwa miligramu 4 au 5. Hapa kuna mtego wa kanda ya ziwa: dozi ya miligramu 5 hupunguza nguvu ya SP, dawa ya kukinga malaria wanayopewa wajawazito kuanzia wiki ya 13. Mwonyeshe muuguzi kila kidonge unachokunywa ili dozi kubwa isimamishwe kabla ya SP kuanza. Foliki haifuti madhara ya sigara.

Kuacha kwenyewe kunafanywaje?

Chagua siku ndani ya wiki 2 zijazo na uwaambie wenzako wa stejini. Siku 2 au 3 za kwanza ndizo ngumu zaidi. Hasira, usingizi mbovu na njaa hupungua ndani ya wiki 2 hadi 4. Hamu yenyewe hupita ndani ya dakika chache ukijishughulisha. Anayevuta zaidi ya 10 kwa siku huanza na kibandiko cha miligramu 21 kwa wiki 6, kisha 14 kwa wiki 2, kisha 7 kwa wiki 2, akibadilisha mahali pa kukibandika kila siku. Chingamu ya nikotini ni ya miligramu 4 kwa anayevuta ndani ya nusu saa baada ya kuamka, 2 kwa wengine. Watu hukosea kwa kuitafuna kama chingamu ya kawaida, wanapata kwikwi na tumbo kuuma, wanaitupa. Itafune mpaka uhisi ukali, iegeshe shavuni, ladha ikiisha tafuna tena, kwa nusu saa hivi. Usinywe soda wala kahawa dakika 15 kabla, kwani huzuia nikotini kupenya.

Mama mjamzito aanze na ushauri nasaha. Vibandiko au chingamu atumie tu kwa maelekezo ya daktari, na kibandiko kitolewe usiku. Vidonge vya kusaidia kuacha, varenikilini na bupropioni, kwa kawaida havipendekezwi kwenye mimba. NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana simu ya bure, 1192.

Baba mkwe ndiye mvutaji, na nyumba ni yake. Nitamwambiaje?

Usimwambie wewe. Mwache mumeo aseme, au muuguzi aandike kwenye kitabu cha kliniki kwamba mtoto huyu hatakiwi kukaa kwenye moshi, kisha kitabu kisomwe mbele yake. Mhudumu wa afya wa jamii akipita nyumbani, mwombe aanze na habari ya moyo wa mtoto kabla ya habari ya sigara. Mpatie mzee kiti chake chini ya mti, mbali na dirisha, na chai yake imfuate huko.